Ngolo za Kona ya Mkuyu

Nikisikia mvua bado natafuta buti. Buti zenyewe hazipo, nilizirudisha stoo pamoja na koti la mvua siku niliyoaga, lakini mguu haujui. Unashuka kitandani, unapapasa sakafu, unakutana na kandambili. Agnes, binti yangu, huniambia, "Mama, kaa." Nakaa. Muda si mrefu najikuta nimesimama tena mlangoni natazama mawingu. Sabas na Editha, ninyi niliowaachia njia, mlioniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa, nawaandikia katika hali hiyo hiyo, nusu nimekaa.

Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Mnazijua, na hazijazi hata nusu ukurasa.

Kwa ambaye hajafika kwetu Mbinga, bustani ya mji ni mlima wenye miti. Chini kuna nyasi na viti, ambako maharusi hupigiwa picha. Juu kuna msitu, na ndani ya msitu zimepita njia za baiskeli. Jumapili baada ya misa mji mzima uko pale, wengine wanakunywa soda, wengine wanasukuma baiskeli kupanda ili washuke wakipiga kelele. Nilipoajiriwa kufagia, njia hizo hazikuwepo. Vijana walizianzisha wenyewe, kwa baiskeli za gia zilizokuja na mitumba, na kila mmoja alishuka alikotaka. Walikopita udongo ulibaki uchi. Halmashauri ikaona ni heri njia chache zinazotunzwa kuliko mlima mzima kuchunwa ngozi. Ndipo alipoletwa Mzee Nombo awe msimamizi, na mimi nikaambiwa niache ufagio nichukue jembe.

Mzee Nombo alikuwa Mnyasa wa Chiwanda, kule chini ziwani, karibu na mpaka wa Msumbiji. Watu walicheka. Mtu wa ziwani ndiye aje kutuonyesha sisi Wamatengo mlima unavyochimbwa? Siku yangu ya kwanza kwake ilinyesha tangu asubuhi, nami nikajibanza mlangoni pa stoo na jembe langu. Yeye alikuwa amesimama nje, analowa.

"Mama Agnes, umekuja kazini au umekuja kuanua nguo?"

"Shikamoo Mzee. Mvua."

"Marahaba. Mvua naiona, nataka na wewe uione. Weka hilo jembe, twende."

Tulipanda mlima bila zana yoyote. Aliniamuru nifuate maji. "Yakiingia njiani, niambie yameingilia wapi. Yakitoka, niambie yametokea wapi."

"Na yasipotoka?"

"Yasipotoka ndiyo tumepata kazi."

Nilirudi nyumbani nimelowa hadi ndani, sijagusa hata bonge moja la udongo, nikamwambia mume wangu kwamba msimamizi mpya kichwa chake si kizuri. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hilo ndilo somo lote, na mengine yalikuwa nyongeza. Jua likiwaka, njia zote zinafanana. Mvua ndiyo inayokuonyesha ipi ni mbovu.

Nyongeza zake nilizishika. Njia iinamishwe kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke, yasisafiri nayo. Mzizi wa mti usikatwe, njia ndiyo ikwepe. Mteremko alikuwa anaupima kwa mdomo. Tulipanda naye sehemu mpya huku tukiongea, na tulipoanza kuhema hata maneno yakakatika, alisimama na kusema, "Hapa ni pakali mno, tuzungushe." Alisema njia ikiwa nzuri mwenye baiskeli hashiki breki kwa hofu, na breki zisiposhikwa tairi halichimbi. Ukitaka kujua kama umechonga vizuri, simama pembeni usikilize breki.

Zana yake aliyoipenda ilikuwa kafi la mtumbwi lililovunjika mpini. Alikuja nalo kutoka Chiwanda. Kwa bapa lake alishindilia udongo kwenye mabega ya kona, pa, pa, pa, mpaka unang'aa. Kafi lile linaning'inia stoo nyuma ya mlango. Sabas, uliwahi kuuliza kama lichomwe. Lisichomwe.

Sasa nije kwenye Kona ya Mkuyu, maana ndiyo iliyotutoa jasho. Njia zote za juu zinaungana pale chini ya mkuyu kabla ya kushuka getini, na chini kidogo ya mkuyu kuna chemchemi ambayo watu wa bondeni wanachota maji ya kunywa. Kwa hiyo kila tone lililoanguka juu ya mlima lilipita pale. Masika ya kwanza yaliikata kona tukaijaza. Masika ya pili yakaikata zaidi, na tope likaingia kwenye chemchemi. Akina mama walikuja na ndoo zao hadi ofisini, wakazipanga mezani ili kila mtu aone rangi. Afisa wa bustani wa wakati ule alikuwa mtu wa haki. Alitazama ndoo moja moja, kisha akatuambia mbele yao: kona ile ikikatika tena, inafungwa. Na kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kufika getini, ikifungwa hiyo, baiskeli zimetoka mlimani.

Mzee Nombo alichimba mifereji. Mifereji ikawa makorongo. Nilimwona kwa mara ya kwanza amekalia jiwe na kafi mapajani.

Aliyesema ni Damas, mume wangu. Alikuwa ameajiriwa kufyeka majani, na si mtu wa kuongea. Alikuwa anamsalimia kila mwenye baiskeli mmoja mmoja, kwa utaratibu, hata wanaokwenda mbio, kwa hiyo salamu zake nyingi zilifika watu wakiwa wameshapita. Siku hiyo alisimama chini ya mkuyu akatazama juu, akasema, "Huku kungekuwa shamba, kungekuwa na ngolo."

"Ngolo ndiyo nini, shemeji?" Mzee Nombo akauliza.

Tukaangua kicheko. Miaka yote hiyo anakaa katikati ya ngolo, kila kilima cha Umatengo kimejaa, na hajauliza jina.

"Yale mashimo yenu?" akasema. "Nilidhani mnatega panya."

"Sisi mashimo yetu yana maharage, Mzee," Damas akamjibu taratibu. "Ziwa lenu ni shimo moja kubwa, na bado mnapanda huku kununua chakula."

Mzee Nombo alicheka mpaka kafi likamwanguka. Kisha akasema, "Haya, nionyesheni."

Kwa wageni wa kazi hii nieleze. Mvua za masika zikikaribia kwisha, majani yakiwa marefu, mwanaume anafyeka mteremko. Majani yakinyauka anayalaza kwa mistari, mingine ya kushuka na mingine ya kukata, mpaka mteremko wote unakuwa vyumba vya mraba. Halafu mwanamke anaingia na jembe. Anachimba udongo katikati ya kila chumba na kufukia majani ya pande zote. Panabaki shimo lililozungukwa na matuta, na ndani ya tuta majani yanaoza taratibu. Mvua ikija inaingia shimoni, inakaa, inazama. Haipati mahali pa kuanzia mbio. Kwetu ndivyo ilivyo tangu nizaliwe: mume analaza, mke anafukia. Sijawahi kusikia sababu, na sikuwahi kuidai.

Damas alilaza, mimi nikafukia, mteremko mzima ulio juu ya kona. Masika yaliyofuata tulifuata maji na Mzee Nombo, bila jembe, kama siku ya kwanza. Yalishuka, yakafika kwenye ngolo, hayakutoka upande wa pili. Mzee aliinama akachungulia shimo. "Yamekwenda wapi?" Damas akamwambia, "Yamelala."

Lakini nilifanya jambo ambalo Mmatengo peke yake angelifanya. Nilipanda maharage. Hakuna aliyeniagiza. Tangu utoto sijawahi kufukia ngolo nikaiacha tupu, na mkono ulikuwa umeshabeba mbegu kabla kichwa hakijaulizwa. Maharage yakaota, na udongo wa msitu si mchezo. Habari zikafika mtaani. Akina mama wakaanza kupanda kuchuma mboga, na Jumapili moja kijana alikata kona kwa kasi akakutana na wanawake watatu wameinama. Akawakwepa. Akaingia kwenye ngolo yeye na baiskeli yake.

"Mama, hili ni shamba au njia?" alilia kutoka shimoni.

"Kwani na wewe unakimbilia wapi? Kuna moto?" mmoja akamjibu, huku anaendelea kuchuma.

"Ningeumia je?"

"Ungeumia ungepona. Ona ulivyonikanyagia mboga."

Kesho yake afisa alikuja. Alizunguka ngolo zote amefunga mikono nyuma.

"Mama Agnes, nani aliruhusu maharage?"

"Hakuna, Bwana Afisa. Ni mazoea."

"Yang'olewe."

"Yakishaiva," Mzee Nombo akasema haraka.

Mwisho tulikubaliana: maharage yapandwe safu za juu tu, mbali na njia, na watu wachume Jumatatu, siku ambayo baiskeli ni chache. Ndiyo desturi mliyoikuta. Yalipoiva, afisa naye aliondoka na mfuko wake, sikumwona akikunja uso.

Mzee Nombo alistaafu akarudi Chiwanda. Nilimkumbusha kafi lake. "Liache," akasema, "ziwani sitakosa jingine." Nikabaki mimi kwenye njia na Damas kwenye majani. Kila baada ya masika mawili tulizifanya upya zile ngolo, maana majani yakiisha kuoza tuta linalegea. Tulizeeka pale pale. Nilikuwa nikifukia namsikia juu yangu anafyeka, na fyekeo likinyamaza nilijua kuna mtu wa baiskeli anasalimiwa.

Mwaka huu ulikuwa mwaka wa kuzifanya upya. Mwezi wa tatu Damas alifyeka, akalaza majani mteremko wote mpaka safu ya mwisho, ile inayogusa mkuyu. Jioni alisema kifua kinabana. Tulimfikisha hospitali anatembea kwa miguu yake. Hakurudi nayo.

Nilirudi kazini baada ya matanga, majani yakiwa yameshakauka yananisubiri. Safu za juu nilizifukia zote. Nilifika safu ya mwisho, nikainua jembe, likabaki juu. Damas alikuwa anaingiza ncha za majani chini ya mstari, kama mtu anayetandika kitanda, na pale palikuwa pametandikwa hivyo, hakuna jani lililochomoza. Mwezi ule ule nilikuwa nimeshamtupia udongo mara moja. Nilishusha jembe.

Mnakumbuka niliwaambia nini. "Hapo niachieni." Mkasema, "Sawa, mama." Hamkuuliza, na Sabas akasimika vijiti kuzunguka ili watu wasikanyage. Nilijua ninachokiacha. Ile safu ndiyo mlango wa kona. Safu za juu zinapunguza maji, ile ya mwisho ndiyo inayoyamaliza. Kila siku nilisema kesho. Kiangazi kikaingia, siku yangu ya kustaafu ikafika, na safu iko wazi. Mkanipigia makofi, mkanipa kiti. Ni kiti kizuri, chenye mikono. Sijakikalia sana.

Agnes alikuja kunichukua nikakae naye Mbaha, alikoolewa. Kule ni ufukweni, ziwa liko mlangoni. Hewa nzuri, samaki wabichi, mkwe mpole. Wiki ya kwanza nilifagia uwanja mpaka jirani akaniuliza kama natarajia askofu. Wiki iliyofuata nilichimba mfereji nyuma ya jiko, ambao hakuna aliyeuomba, nikauinamisha upande wa bondeni, ila kule bonde halipo na mchanga unajirudia shimoni kila ukigeuka. Agnes akaninyang'anya jembe. Usiku nililala, sitaki kusema uongo. Mchana ndio haukupitika.

Siku moja nilitazama mashariki nikaona milima yetu imevaa mawingu meusi hadi kiunoni. Nikampigia Sabas.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba. Huko imenyesha?"

"Jana, mama. Ngolo zimekaa vizuri kabisa."

"Na safu ya mwisho?"

Nilisikia Editha pembeni yake anamnong'oneza, "Mwambie tu."

"Hapo hatujagusa, mama. Ulisema tukuachie. Maji yamepita kidogo. Afisa mpya amekuja kuangalia, amesema mambo yale yale, ikikatika anafunga. Atarudi mvua nyingine ikinyesha."

"Mbona hamkunipigia?"

"Tungekuambia nini, mama?"

Kweli, mngeniambia nini. Nilivyokata simu nilianza kufunga mzigo. Agnes akasema, "Mama, kule wapo vijana, wewe umestaafu." Nikamwambia, "Vijana wananisubiri mimi." Akanitazama, halafu akaenda kuniletea sweta. Asubuhi nilipanda gari la Lituhi, nikateremka Kitai, nikapata jingine la Mbinga. Nyumbani sikupita. Nilifika mkuyu na kikapu changu mkononi.

Maji yalikuwa yameanza kuchora. Mfereji mwembamba, upana wa kidole, kutoka kwenye safu ya Damas hadi katikati ya njia. Mvua moja nzito ingetosha. Nilivuka vijiti nikapiga magoti. Nilikuwa nimeyabeba majani yale kichwani, miezi yote, kama alivyoyaacha. Hayakuwa hivyo. Mchwa walikuwa wamekula upande mzima, na yaliyobaki yaligeuka unga nilipoyashika.

"Mama," Editha akasema nyuma yangu, taratibu, "majani haya yamekwisha. Hayatashika udongo."

"Naona."

"Sabas amefyeka mengine."

Nikageuka. Sabas, ulikuwa umesimama na mzigo wa majani kifuani, makavu tayari. Kumbe uliyafyeka siku nyingi, ukayatunza stoo, ukaogopa kuyaweka. Sijui kama niliwahi kukushukuru. Niliomba buti, Editha akavua zake.

"Laza," nikasema.

Ulilaza juu ya yale ya Damas. Ulilaza vibaya. "Ncha ziingie chini," nikakuambia. "Baba Agnes alikuwa anazificha." Ukarudia, ukakaza mstari, na wa pili ukawa mzuri kuliko wa kwanza. Hapo nikachukua jembe. Udongo wa kwanza ulipoanguka nilisikia sauti ninayoijua, nikasubiri moyo ufanye unavyotaka kufanya. Kisha nikatupia wa pili. Huko juu ngurumo zilishaanza.

Editha akaingia upande wa pili na jembe lake. Halafu nikaona majembe yamekuwa matatu.

"Sabas! Kwetu mwanaume hafukii."

"Mama, mvua hiyo."

Nikatazama juu. "Haya, fukia."

Tulimaliza matone yakianguka. Mabega ya kona niliyashindilia kwa kafi la Mzee Nombo, pa, pa, pa. Kisha nikawaambia muweke majembe chini, na tukapanda kufuata maji. Yaliingia safu ya kwanza, yakapungua. Yakaingia ya katikati. Yalipofika safu ya mwisho yalikuwa kama maji ya kunawia, yakatumbukia shimoni, yakalala. Kona ilibaki nzima, bila mkondo mgongoni. Editha, wewe bila viatu, ulikimbia hadi chemchemi ukachota kwa kiganja ukanyanyua tuone. Maji meupe.

Afisa mpya alikuja kesho yake. Alitembea kona nzima, akachungulia shimo, akasema njia iendelee.

Maharage sikupanda, si msimu wake. Mwezi wa tatu mtapanda ninyi, safu za juu tu. Baada ya masika mengine mtafyeka na kulaza na kufukia upya, na nani afanye lipi mtajua wenyewe. Msinisubiri. Msimsubiri mtu yeyote.

Jumapili, kabla ya kurudi Mbaha, nilipanda peke yangu nikasimama katikati ya Kona ya Mkuyu, naangalia udongo. Kwa miaka yote kizibao changu cha rifleksa kiliwafanya wapunguze mwendo, wapite wakisema shikamoo mama. Sasa nilikuwa na kanga na sweta la Agnes. Nikasikia gia zinabadilishwa juu, kisha sauti ya msichana nisiyemjua:

"Bibi, pisha!"

Nikaruka kwenye majani. Alipita ameinama, nywele zimefungwa kwa kitambaa chekundu, akaikata kona na kupotea chini ya mkuyu. Nikamwambia "Habari za leo," naye alikuwa ameshapita. Nilibaki pale nikisikiliza breki. Hakuzigusa mpaka getini.